Kartushi inapashwa kutii bunduki



Wengi wetu tumekwisha kuona ganda tupu la kartushi. Wengine wanafanya nalo filimbi, wengine wanalitupa. Lakini kuko watu wenye hawalitupi hata kidogo. Wanaliokota, wanalisafisha, wanatia ndani fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, kiisha wanalipiga tena. Hao ni wawindaji wa Marekani, zaidi wale wenye kutunza bunduki za zamani za wenzo. Sisi wa mwaka wa mwisho tunataka kueleza kazi ile inakwenda namna gani, na juu ya nini inataka uangalifu kuliko nguvu.

Hatuandiki ili mtu aijaribu huku kwetu. Tunaandika sababu ndani yake mna fizike na shimi ya darasani, na sababu katika inchi yetu kartushi zinaokotwa hata na watoto wadogo. Neno moja mtalikuta tangu mwanzo mpaka mwisho: kartushi inapashwa kutii bunduki. Mtu mwenye kusahau neno lile anaweza kupoteza jicho ao mkono.

1. VITU VINE

Kartushi nzima ina vitu vine. Cha kwanza ni ganda. Linafanywa na shaba ya manjano, ni kusema shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30 kwa mia. Madini yale mawili Katanga inayajua sana. Cha pili ni fataki, kile kikombe kidogo katika kitako cha ganda. Pini ya bunduki ikiigonga, inatoa moto. Cha tatu ni baruti, yenye kushika moto ule na kugeuka gesi. Cha ine ni kichwa, kile kinachoruka. Kichwa kinafanywa na plombi, na mara nyingi kinavalishwa koti la shaba.

Nyuma ya kupiga, kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki imekufa. Ganda peke yake linabaki. Na ganda ndilo kitu cha bei kubwa kuliko vyote katika kartushi. Ndio maana hawalitupi.

Lakini si kila ganda linaweza kujazwa tena. Kuko kartushi zenye kuficha dawa ya fataki ndani ya ukingo wa kitako. Pini ikiisha kuponda ukingo ule, ganda limekwisha kazi. Zile zenye fataki katikati ndizo zinajazwa, sababu fataki iliyokufa inatolewa kwa tundu lake na mpya inawekwa.

2. BUNDUKI YA WENZO

Katika somo la fizike tulijifunza wenzo: chuma kimoja chenye kuzunguka fasi moja ili nguvu ndogo ifanye kazi kubwa. Bunduki tunayosema iko na wenzo chini ya mkono wa kuume, wenye kuzunguka vidole kama kikuku. Mwindaji anausukuma chini: ganda tupu linaruka inje. Anaurudisha juu: kartushi mpya inaingia chumbani, na mlango wa nyuma unafungwa.

Benjamin Tyler Henry alipata hati ya ufundi wake kule Marekani tarehe 16 Oktoba 1860. Nyuma yake kompani ya Winchester, katika mji wa New Haven, ilitoa bunduki ya mwaka 1866, kiisha ile ya 1873, iliyo ya kwanza kwao kutumia kartushi yenye fataki katikati. Fundi John Moses Browning akawachorea zingine zenye nguvu zaidi: ya 1886, ya 1892, na ya 1894. Ile ya 1894 ilitengenezwa zaidi ya milioni 7. Fabriki ya New Haven ilifungwa katika mwaka 2006, lakini bunduki zenyewe ziko nyingi sana katika nyumba za watu, na wawindaji wanazitumia mpaka leo kupiga paa.

Bunduki hizi zilifika hata katika misitu yetu. Mwaka 1887, Henry Morton Stanley alipopanda mto Kongo kwenda kumtafuta Emin Pasha, katika mizigo yake mlikuwa bunduki 510 za Remington, na Winchester 50 pamoja na kartushi zake 50,000. Tarehe 28 Juni aliondoka Yambuya na kundi la mbele, akapita msitu wa Ituri, akafika ziwa Albert katika mwezi wa Desemba. Hesabuni wenyewe: kartushi 1000 kwa kila Winchester, na katika msitu hamna duka la kununua zingine. Gobori ya kijijini inakula baruti na kipande cha chuma kinachotiwa kwa mdomo. Winchester haikubali vile. Inataka kartushi yake yenyewe, ya kipimo chake. Hapo tunaanza kuelewa neno letu la kwanza.

3. BOMBA NA NCHA

Katika bunduki nyingi za wenzo, kartushi zinalala katika bomba refu chini ya mtutu. Zinapangwa moja nyuma ya ingine, kama watu katika mstari. Resori inazisukuma kwenda nyuma. Sasa angalieni: ncha ya kartushi ya nyuma inagusa wapi? Inagusa kitako cha ile iliyo mbele yake, pale pale penye fataki.

Tufanye hesabu. Kartushi moja yenye kujulikana sana, ile ya .30-30, inaruka na kichwa cha gramu 11 kwa mbio ya mita 670 hivi kwa segonde. Mulifanya mv katika fizike: 0.011 mara 670 ni 7.4 hivi. Bunduki ya kilo 3.2 inapashwa kurudi nyuma na kiasi kile kile. Gawanya: inarudi kwa mbio ya zaidi ya mita 2 kwa segonde, na gesi inaongeza tena. Hilo ndilo teke mwindaji analosikia begani. Na wakati ule ule kartushi zote katika bomba zinagongana. Kama vichwa vina ncha kali kama msumari, kimoja kinaweza kugonga fataki ya mbele yake na kuiwasha. Kartushi moja ikipasuka katika bomba, mkono wa kushoto wa mwindaji uko pale pale.

Ndio maana kichwa cha bunduki ya bomba ni butu: bapa ao mviringo. Mtu mwenye kujaza anaweza kupenda ncha kali, sababu inapasua hewa vizuri na kufika mbali. Bomba linamkataza. Bunduki ya Savage ya 1899 ilikubali ncha kali, sababu kartushi zake zinazunguka katika ngoma na hazigusani ncha kwa kitako. Winchester ya 1895 vilevile, yenye sanduku. Katika miaka ya 2000 kompani ya Hornady ilitoa vichwa vyenye ncha laini kama mpira, vyenye kukubaliwa katika bomba. Kwa hiyo mtu hasemi tu “kichwa hiki kinaingia.” Anapashwa kuuliza: bunduki hii inapanga kartushi zake namna gani?

4. BARUTI MBILI

Baruti ya zamani ni nyeusi: makaa, kiberiti na chumvi ya shura. Inatoa moshi mwingi na masizi. Mwaka 1884, Paul Vieille wa Ufaransa alipata baruti isiyo na moshi, iliyotoka katika pamba iliyogeuzwa na asidi. Kwa uzito mdogo, ile ya pili inatoa nguvu nyingi kupita ya kwanza.

Majina ya kartushi za zamani yanaeleza historia ile. Tuseme .44-40: namba ya kwanza ni upana wa kichwa, karibu 44 kwa mia ya inchi, ya pili ni uzito wa baruti nyeusi, greni 40. Greni ni punje: zamani walipima kwa punje ya nafaka. Greni moja ni gramu 0.0648. Ile ya .30-30, iliyotoka mwaka 1895, ilikuwa na greni 30 za baruti isiyo na moshi ya wakati ule. Leo majina yale ni majina tu. Baruti zimebadilika, na mtu asiyafuate kama kipimo.

Sasa presio, ni kusema nguvu ya gesi yenye kusukuma pande zote. Mpira wa gari una bari 2 hivi. Kikomo cha .44-40, kwa kanuni ya chama cha watengenezaji wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1926, hakifiki bari 1000. Cha .45-70 ni karibu 1900. Cha .30-30 ni karibu 2900. Na gesi ile inapigana na mlango wa nyuma, wenye kuwa mbele ya uso wa mwindaji.

Winchester ya 1873 inafunga mlango wake kwa viungo viwili vyenye kukunjika kama goti. Hilo lilitosha kwa baruti nyeusi. Ile ya 1886 ina vyuma viwili vyenye kupanda na kufunga mlango kwa nguvu. Kwa macho, bunduki zile mbili ni kama ndugu. Kwa nguvu, si ndugu hata kidogo.

Mfano mkubwa kuliko yote ni .45-70 ile. Ganda lake ni moja, lakini linaingia katika bunduki za namna nyingi: bunduki ya jeshi la Marekani ya 1873, yenye kifuniko dhaifu, Winchester ya 1886 na Marlin za wenzo, na bunduki za siku hizi zenye kupiga moja moja, zenye chuma kigumu sana. Kwa hiyo vitabu vya kujaza vinaandika jedwali tatu kwa ganda lile moja: ya bunduki dhaifu, ya bunduki za wenzo, na ya bunduki ngumu. Kartushi ya jedwali la tatu inaingia bila shida katika bunduki ya kwanza. Mlango unafungika. Kwa macho hakuna kosa. Kosa linaonekana wakati wa kupiga, na wakati ule hakuna kurudi nyuma.

5. KAZI MEZANI

Zamani mwindaji aliyekaa mbali na duka alinunua chombo kama koleo. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kompani ya Ideal ya kutengeneza koleo zile. Kuko zilizokuwa na kalibu ya kumwagia plombi upande mmoja na fasi ya kujazia upande mwingine. Siku hizi wengi wanafunga mashini ndogo ya mkono juu ya meza, lakini mpango wa kazi ni ule ule.

Kwanza wanaangalia ganda. Mdomo umepasuka? Karibu na kitako kuna alama ya duara yenye kungaa? Alama ile inasema shaba imevutika na kuwa nyembamba kwa ndani. Bunduki nyingi za wenzo zinafunga mlango kwa nyuma yake, si kwa mbele karibu na ganda, kwa hiyo chuma kinajivuta kidogo wakati wa kupiga, na ganda linavutika pamoja nacho. Wengine wanaingiza waya wenye ncha iliyokunjwa, ili kusikia kama kuna mfereji ndani. Ukisikika, ganda linatupwa.

Pili wanatoa fataki iliyokufa, na kupitisha ganda katika kalibu ili lirudie kipimo chake, sababu moto umelipanua. Tatu wanapima urefu. Kwa .30-30 ganda lisipite milimeta 51.8. Likipita, linakatwa. Ine, fataki mpya. Tano, baruti, yenye kupimwa kwa mizani kama ya mfua dhahabu, kwa namba iliyoandikwa katika kitabu kwa ajili ya baruti ile, kichwa kile na bunduki ile. Hawaanzi na namba ya juu. Wanaanza chini, wanapanda pole pole, wakiangalia alama katika maganda.

Sita, kichwa kinaingizwa. Na kwa bunduki ya bomba kuko kazi ya saba: mdomo wa ganda unakunjwa ndani ya mfereji mdogo wa kichwa ili ukishike. Juu ya nini? Sababu resori inasukuma, na teke linagonga. Kichwa kisichoshikwa kinarudi ndani ya ganda, fasi ya baruti inapunguka, presio inapanda.

6. MAKOSA MAWILI

Kosa la kwanza ni kutia baruti mara mbili. Mtu anaitwa na mke wake, ao anasikiliza redio, anarudi mezani, anajaza ganda lililokwisha kujazwa. Kama baruti ni kidogo na ganda ni kubwa, vipimo viwili vinaingia bila kumwangika. Kwa sababu ile wengi wanachagua baruti yenye kujaza ganda zaidi ya nusu: wakikosea, inamwangika juu ya meza, na macho yanaona.

Kosa la pili ni kinyume: kusahau baruti kabisa. Watu wanacheka wakisikia vile, wakifikiri haina hatari. Fataki peke yake inaweza kusukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu, kikabaki pale. Mwindaji anasikia sauti ndogo, anavuta wenzo, anapiga tena. Kichwa cha pili kinakuta njia imefungwa, na mtutu unapasuka.

Dawa ya makosa yote mawili ni moja, na haina bei. Mbele ya kuingiza vichwa, maganda yote yanasimamishwa katika ubao wenye matundu, na mtu anapitisha taa juu yake moja moja. Baruti inapashwa kuwa kwa usawa mmoja. Moja lenye kupanda ao kushuka linamwangwa, linapimwa upya.

Kuko hatari ya tatu isiyopiga kelele. Plombi inayeyuka kwa digri 327, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto. Kwa hiyo hawali mezani pale, wananawa mikono, na wanayeyushia fasi yenye hewa. Hata katika pori plombi inaua ndege wenye kula mizoga. Jimbo la California lilikataza vichwa vya plombi kwa uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019.

7. JUU YA NINI WANAJISUMBUA?

Mtu atauliza: si wanunue tu? Jibu la kwanza ni bei, maana ganda moja linatumika mara nyingi. La pili ni kwamba kartushi zingine fabriki ziliacha kuzitengeneza. Winchester ya 1886 ilipewa katika mwaka 1902 kartushi ya .33. Fabriki ziliacha kuitoa katika mwaka 1940. Mtu aliyerithi bunduki ile kwa babu yake atafanya nini? Anatwaa ganda la .45-70, analipitisha katika kalibu mpaka shingo inakuwa nyembamba, ananyoosha urefu, anajaza. Bila ufundi ule, bunduki ya babu ni fimbo ya kutundika ukutani.

La tatu ni hili: bunduki ya miaka mia na zaidi imezeeka. Mwenye kujijazia anaweza kuipa kartushi pole, chini ya ile ya duka. Hapo neno letu linageuka kuwa heshima. Mtu anajua udhaifu wa chombo chake na hakibebeshi mzigo kisioweza.

Lakini angalieni mzigo wenyewe uko kwa nani. Katika fabriki kuko mashini za kupima, na watu wa kuangalia nyuma ya watu. Mezani mtu yuko peke yake. Hakuna mwalimu wa kusahihisha karatasi yake. Sheria ya Marekani inamruhusu kujaza kwa matumizi yake mwenyewe, lakini akitaka kufanya biashara nazo inamtaka leseni. Usahihisho wake ni ile taa juu ya ubao.

8. NA SISI HUKU

Kwetu mambo ya silaha na kartushi yanatawalwa na ordonansi-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na kutengeneza bila ruhusa ya serikali ni kosa. Kwa hiyo asitokee mwanafunzi wa kusema, “Nilisoma katika gazeti la masomo.”

Lakini kuko jambo lenye kutuhusu kila siku. Vita vimepita katika vijiji vyetu vingi, na kartushi zinabaki katika mashamba, njiani, na katika mchanga wa mto. Sasa munajua kilicho ndani. Fataki haijui kama imegongwa na pini ya bunduki ao na msumari wa mtoto. Inawaka vile vile. Na kartushi yenye kutupwa katika moto wa jikoni haina mtutu wa kuishika: ganda lenyewe linapasuka na kurusha vipande vya shaba. Kichwa hakitakwenda na mbio ile ya mita 670, lakini kwa jicho la mtoto kipande kidogo cha shaba kinatosha.

Kwa hiyo, mkikuta kartushi nzima, hapana kuigonga, hapana kuitoboa ili kutoa baruti, hapana kuitia katika mfuko na kuileta dortwari. Achieni pale pale, wekeni alama kwa mbali, mwite mtu mkubwa mwenye madaraka. Kama ni kitu kikubwa kuliko kartushi, musisogee hata hatua moja. Na ninyi wenye wadogo nyumbani, muwaeleze wakati wa likizo. Mtoto akikatazwa tu, anakwenda kujaribu kwa siri. Akielezwa fataki ni nini, anaelewa sababu, na anaweza kumweleza mwenzake.

Kapita wa wanafunzi,
kwa jina la wanafunzi wa mwaka wa mwisho